Mchoro Ukivaliwa Shingoni

Niliombwa nizungumzie sanaa na mavazi. Uwanja huo ni mpana, nami nimejikatia kipande kimoja tu: picha za wachoraji wakubwa wa zamani zinazotolewa kwenye kuta za makumbusho na kuchapwa juu ya hariri, zikawa skafu, tai, mitandio na vitambaa vya mfukoni vya bei kubwa. Biashara hiyo imestawi sana Ulaya na Asia, na siku hizi yeyote mwenye kompyuta na anwani ya kiwanda anaweza kuifanya. Nataka tuulizane ni lini kitambaa cha namna hiyo kinastahili bei yake, na ni lini mnunuzi analipishwa sifa za marehemu.

Jibu langu nalitoa mapema mpate kulipima njiani. Picha ikihamishwa vilevile ilivyo, karibu kila mara picha huharibika na kitambaa nacho hakipatikani. Mwenye haki ya kulipwa vizuri ni yule aliyeivunja picha, akaijenga upya kwa sheria za kitambaa, kisha akasema hadharani ameitoa kwa nani.

Tuanze na hariri, maana wengi huichukulia kama karatasi ghali ya kuchapia. Kiwavi wa hariri hulishwa majani ya mforsadi, na akikomaa hujizungushia uzi mmoja usiokatika ambao ukinyooshwa unaweza kupita kilomita moja. Vifuko hupigwa mvuke au joto ili buu aliyemo afe kabla hajatoboa njia ya kutokea na kuukata uzi. Kisha hulowekwa katika maji ya moto, na nyuzi za vifuko kadhaa huvutwa pamoja kuwa uzi mmoja wa kufumia. Baadaye hariri huchemshwa ili gundi yake ya asili itoke. Hapo hupoteza karibu robo ya uzito, ikapata ulaini na mng'ao tunaoujua. Uzi wenyewe ukitazamwa kwa hadubini una umbo la pembetatu yenye pembe butu. Umbo hilo ndilo linalotawanya mwanga, na kwa sababu hiyo hariri hubadilika rangi kidogo kila mvaaji anapogeuka.

Lishikeni hilo, kwa sababu mambo mengi yanatoka hapo. Mchoraji wa rangi za mafuta hutengeneza kina kwa matabaka. Mwanga hupenya tabaka la juu, hugonga la chini, na humrudia mtazamaji ukiwa umebeba rangi za matabaka yote. Wengine, kama Vincent van Gogh, huacha rangi nene iinuke juu ya turubai hata mpito wa brashi ukaonekana. Rangi ya hariri haina tabaka wala mwinuko. Huzama ndani ya uzi na kuwa mwili mmoja nao. Ndiyo maana kiza cha Rembrandt hakivuki. Picha yake ya mwaka 1642 ya askari wa mgambo wa Amsterdam, iliyopo makumbusho ya Rijksmuseum, ina upana unaozidi mita 4, na giza lake lina uhai: ukisimama mbele yake macho huzoea polepole, nyuso zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine. Nimeona skafu zilizoibana picha hiyo ndani ya sentimita 90. Zilichobaki nacho ni hudhurungi iliyochafuka na madoa ya njano. Hakuna fundi wa kulaumiwa hapo isipokuwa aliyeichagua picha.

Tamaa ya kuitia picha katika hariri ina umri mrefu. Mji wa Lyon nchini Ufaransa uliishi kwa hariri kwa karne nyingi, na mwanzoni mwa karne ya 19 Joseph-Marie Jacquard akawapa wafumaji mtambo unaoongozwa na kadi zenye matundu. Kila tundu lilieleza uzi upi uinuliwe na upi ubaki. Mwaka 1839, mji huohuo ukatoa picha ya Jacquard mwenyewe iliyofumwa kwa hariri kutokana na mchoro wa rangi za mafuta wa Claude Bonnefond. Kazi hiyo ilihitaji kadi zipatazo 24,000, na walioiona walidhani ni picha iliyochapwa kwa sahani ya chuma. Charles Babbage, Mwingereza aliyebuni mashine za kukokotoa, alikuwa na nakala yake. Mimi huitaja picha hiyo kila ninapofundisha, kwa sababu mfumaji wake hakuiga rangi za mchoro. Aliziacha zote, akabaki na weusi, weupe na kijivu cha katikati, vitu ambavyo uzi wake uliweza kuvisema kwa ukamilifu. Alijua mpaka wa chombo chake.

Skafu ya mraba tunayoijua leo ina tarehe yake. Kampuni ya Hermès ya Paris, iliyoanza mwaka 1837 kwa kutengeneza hatamu na vifaa vya farasi, ilitoa skafu yake ya kwanza ya hariri mwaka 1937. Aliyeisimamia ni Robert Dumas, mkwe wa Émile Hermès, na mchoro wake ulitokana na ubao wa mchezo wa zamani wenye magari ya abiria ya kukokotwa na farasi. Angalieni chanzo kilivyochaguliwa. Ubao wa mchezo hauna juu wala chini. Wachezaji huuzunguka, na kila upande una haki sawa ya kutazamwa. Kwa hiyo ulipohamia kwenye kitambaa cha sentimita 90 kwa 90, haukupoteza kitu. Sidhani ilikuwa bahati tu.

Picha ya ukutani haiko hivyo. Ina mbingu na ardhi, na aliyeichora alitaka usimame mahali pamoja uitazame yote kwa mara moja. Skafu haionekani yote hata siku moja, labda ikiwa dukani. Hukunjwa pembe kwa pembe, hufungwa fundo, huning'inia begani, na kinachoonekana ni kona mbili, kipande cha ukingo na mstari wa katikati. Sisi wa Pwani tunayo elimu hii nyumbani: mchoraji wa kanga hujua pindo litaonekana wapi na mji, yaani uwanja wa katikati, utakaa wapi mwilini, na hapotezi ua lake zuri mahali litakapofungwa fundo. Sasa mchukueni yule msichana mwenye hereni ya lulu aliyechorwa na Johannes Vermeer mnamo 1665, aliyepo makumbusho ya Mauritshuis huko The Hague. Uso wake uko katikati kabisa. Mkichapa skafu yake bila kufikiri, mvaaji akiifunga, jicho moja la msichana litazama ndani ya mkunjo na mdomo utapindukia shingoni. Hiyo ni dhihaka kwa Vermeer na kwa aliyelipa.

Kuna suala la rangi pia. Katika uchapaji wa Lyon, kila rangi ina fremu yake ya wavu. Rangi nzito humwagwa ndani ya fremu, ikasukumwa kwa kibao cha mpira ipenye mahali pake tu, kisha fremu ya pili ikafuata, na ya tatu. Skafu yenye fremu zaidi ya 30 si jambo la ajabu katika nyumba kubwa za mitindo. Baadaye kitambaa hutiwa mvuke ili rangi ishike, huoshwa, na pindo lake huviringishwa na kushonwa kwa mkono. Turubai ya Van Gogh haina rangi 30. Ina maelfu ya vivuli vya rangi. Lazima basi awepo mtu anayeketi mbele ya picha na kuamua samawati hizi 12 ziwe moja, manjano haya yaachwe, mstari huu ukazwe. Kazi hiyo huchukua majuma mengi, na aliyeifanya ndiye mtunzi wa skafu kwa haki yote. Jina lake mara nyingi halitajwi, na hilo linanisikitisha.

Siku hizi uchapaji wa kidijitali umeondoa fremu. Mashine inanyunyiza wino juu ya hariri kama printa ya ofisini, na vivuli vyote vya rangi vinaweza kuingia. Siipingi. Imewafungulia mlango wabunifu wadogo wasiokuwa na mtaji wa kuchapa mamia ya vipande. Hasara yake ni kwamba imeondoa pia ile lazima ya kuamua. Mtu anapakua picha, anaikata mraba, anaituma kiwandani. Hakuna aliyekaa na picha hata saa moja.

Nataka kukaa kidogo na picha moja inayochapwa kupita kiasi: Busu, kazi ya Gustav Klimt aliyoichora Vienna mnamo 1908, na ambayo imo katika makumbusho ya Belvedere mjini humohumo. Wachapaji wanaipenda kwa sababu tayari ni mraba, sentimita 180 kwa 180, yaani kila upande wake ni mara mbili ya upande wa skafu. Inaonekana kama iliyozaliwa kwa ajili yao. Lakini Klimt, mwana wa mchonga dhahabu, aliitia picha hiyo dhahabu halisi iliyopigwa ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Dhahabu huakisi mwanga wa chumba. Ikichapwa kwa rangi ya kawaida inakuwa haradali, na haradali haing'ai hata ukiiombea.

Tazameni tena mavazi ya wapendanao hao. Vazi la mwanamume limejaa mistatili myeusi, myeupe na ya kijivu, na la mwanamke limejaa miduara na maua. Chini yao kuna uwanda wa maua madogomadogo. Nyuso na mikono ni sehemu ndogo sana ya picha. Nyingine yote ni nguo! Klimt aliishi karibu na watu wa nguo. Mwenzake wa miaka mingi, Emilie Flöge, aliendesha pamoja na dada zake duka kubwa la mitindo mjini Vienna kuanzia mwaka 1904. Kwa hiyo Busu ni picha iliyokwisha kunywa kutoka kwenye kitambaa, na kuirudisha huko si dhuluma. Ningekuwa mimi ndiye mbunifu, ningeziacha nyuso Vienna. Ningechukua uwanda wa maua uwe pindo, mistatili ishuke upande mmoja na miduara upande wa pili, ili skafu ikikunjwa kwa mshazari, mwanamume na mwanamke wakutane shingoni mwa mvaaji. Dhahabu nisingeichapa. Ningemwomba mfumaji azifume sehemu hizo kwa mfumo wa satini juu ya ardhi isiyong'aa, mng'ao utoke kwenye uzi wenyewe. Mtu wa Vienna akiiona angemtambua Klimt papo hapo, na mtu asiyemjua Klimt angekuwa na skafu nzuri.

Kazi zilizochapwa tangu mwanzo huvuka kwa urahisi zaidi. Katsushika Hokusai wa Japani alitoa Wimbi lake kubwa mnamo 1831 kwa mbao za kuchonga, kila rangi na ubao wake, jinsi ileile fremu za Lyon zinavyofanya. Mistari yake ina mpaka wazi, rangi zake zimelala bapa. Van Gogh aliwapenda sana wachoraji wa Kijapani wa namna hiyo, na mapenzi hayo yanaonekana katika Mlozi Uchanuao, picha aliyoichora mwezi Februari 1890 kwa ajili ya mtoto mchanga wa mdogo wake Theo, aliyepewa jina la Vincent. Matawi na maua juu ya samawati tupu, bila ardhi, bila upeo. Hiyo unaweza kuigeuza upande wowote, na ndiyo maana imeenea kwenye hariri kuliko kazi zake nyingi.

Hata hapo kuna mtego. Wataalamu wa makumbusho ya Van Gogh ya Amsterdam wanasema maua hayo yalikuwa ya waridi zaidi yalipochorwa. Rangi nyekundu aliyotumia imefifia kwa mwanga. Kuta za chumba chake cha kulala katika ile picha mashuhuri zilikuwa za zambarau, leo tunaziona samawati. Mbunifu achape ipi, picha aliyoiona Van Gogh au picha iliyochoka tunayoiona sisi? Mimi nasema achape ya waridi, kwa sababu hariri haina jukumu la kuhifadhi uchakavu. Wenzangu wa makumbusho hawakubaliani nami, na wana hoja zao. Lakini asiyejua kwamba swali hilo lipo hajaanza kazi.

Njia iliyo safi kuliko zote ilioneshwa London baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Zika Ascher na mkewe Lida, waliotoka Prague na kuhamia Uingereza mwaka 1939, waliwaendea wachoraji wakubwa waliokuwa hai, wakawaomba wachore kwa ajili ya skafu. Henri Matisse alikubali, Henry Moore alikubali, na wengine kadhaa. Skafu hizo zilioneshwa ndani ya fremu katika jumba la sanaa la Lefevre mwaka 1947. Matisse alipoletewa kitambaa aliwaza kitambaa. Hakuna picha iliyokatwa pembe, hakuna uso uliozama mkunjoni. Hermès walikuja kufanya kitu cha jirani mwaka 2008, walipotoa skafu za kazi za Josef Albers aliyefariki mwaka 1976. Albers alikuwa ametumia zaidi ya miaka 20 kuchora mraba ndani ya mraba. Ni vigumu kupata mchoraji aliyeiandalia skafu njia kuliko huyo.

Sasa haki. Wengi hudhani mchoraji akishakufa miaka mingi, picha yake ni ya yeyote. Katika nchi nyingi za Ulaya hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanii, na Sandro Botticelli alifariki mwaka 1510. Hata hivyo mwezi Oktoba 2022 makumbusho ya Uffizi ya Florence yalitangaza kuichukulia hatua za kisheria nyumba ya mitindo ya Jean Paul Gaultier kwa kuitumia picha ya Botticelli, Kuzaliwa kwa Zuhura, kwenye mavazi na skafu bila ruhusa. Sheria ya urithi wa utamaduni ya Italia ya mwaka 2004 inataka kibali na malipo kwa matumizi ya kibiashara ya picha zilizo mikononi mwa taifa, hata kama mchoraji ni wa karne ya 15. Mahakama ya Stuttgart nchini Ujerumani ikaamua mwezi Machi 2024, katika kesi ya kampuni ya michezo ya kuunganisha vipande vya picha na mchoro wa Leonardo da Vinci, kwamba sheria hiyo haivuki mipaka ya Italia. Huko Uholanzi, Rijksmuseum lilifungua milango kinyume kabisa: tangu mwaka 2012 linatoa picha zake za ubora wa juu bure mtandaoni na kuwahimiza watu wazitumie, hata kwa biashara. Metropolitan ya New York ilifuata mwaka 2017.

Mimi niko upande wa Rijksmuseum. Urithi uliofungiwa kwa ada humnufaisha mwenye fedha za kulipa, na kijana wa Kariakoo au Gikomba hatalipa kamwe. Lakini uhuru wa kuchukua hauondoi wajibu wa kutaja. Mwaka 2017 Louis Vuitton na Jeff Koons walitoa mikoba yenye picha za Leonardo, Titian, Rubens, Fragonard na Van Gogh, na juu ya kila picha wakabandika jina la mchoraji kwa herufi kubwa zinazong'aa. Huko sikuiti kutaja. Jina limekuwa bidhaa, picha imekuwa mandhari ya nyuma ya jina. Kutaja ninakokutaka ni maandishi madogo kwenye pindo: mchoro ni wa nani, uko makumbusho gani, na nani aliyeufanya kuwa kitambaa.

Kwa wanunuzi walio humu ukumbini, nawapa vipimo vya haraka. Igeuzeni skafu. Iliyochapwa kwa fremu na fundi mzuri huonesha rangi karibu sawa upande wa pili. Ya bei rahisi hupauka mgongoni. Papaseni pindo: la mkono ni la mviringo na lina mishono midogo isiyolingana sawasawa, la mashine limelala bapa. Mkiwa na mashaka na hariri yenyewe, chomoeni uzi mmoja muuchome. Hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu. Kisha ikunjeni kama mtakavyoivaa, muulize: bado ni nzuri? Ikiwa uzuri wake uliishia pale ilipokuwa imetandazwa juu ya kaunta, rudisheni.

Na kwenu vijana mnaosomea ubunifu wa nguo. Mnanionesha miradi ya Van Gogh na Klimt, na mingine ni mizuri. Lakini Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za mraba, wanyama wenye mipaka wazi, rangi bapa, ardhi safi. Kila nilichowaambia leo kuhusu Hokusai na Albers kimo humo. Yeye alifariki mwaka 1972, ila wanafunzi wa wanafunzi wake wako hai, wanachora Oysterbay hadi leo, na picha zao zinachapwa kwenye vitu vya kila namna na watu wasiowalipa hata senti. Kabla hamjafungua tovuti ya makumbusho ya Ulaya, nendeni kwao kama Ascher alivyomwendea Matisse. Kaeni nao, muwaombe wachore kwa ajili ya kitambaa, mwandike mkataba unaotaja malipo yao kwa kila kipande kitakachouzwa, na jina la mchoraji lichapwe kwenye pindo.